Nyoka wa mahindi mchanga amecheua chakula: tatizo ni joto, panya au tangi?

BintiPwani

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kuhusu nyoka wa mahindi mchanga (corn snake, nyoka wa Marekani asiye na sumu, wa kufugwa). Umri ni wiki kumi, uzito gramu 9 kwenye mizani ya jikoni, na leo ni siku ya kumi na mbili tangu afike hapa nyumbani, Leicester, Uingereza.

Chakula cha kwanza alipewa siku ya tatu: kitoto cha panya wa friza kilichoanza kuota manyoya, gramu 4. Alikimeza bila shida. Siku iliyofuata alishikwa dakika chache. Siku ya tano kikakutwa juu ya maranda kimelowa, upande wa kichwa umelainika, na harufu yake haisemeki. Tangu hapo hajapewa kitu.

Anakaa kwenye tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60 na mfuniko wa wavu. Chini ya tangi kuna mkeka wa joto wa wati 7 uliochomekwa moja kwa moja kwenye soketi. Maranda ya mti wa aspeni yana kina cha sentimita 6. Pango ni moja, upande wa joto. Kipimajoto cha duara kilichobandikwa kiooni kinasoma 24.

Nimlishe tena lini? Joto hilo linatosha? Na kujichimbia mchana kutwa, pamoja na kutetemesha mkia kila mtu akisogea, ni ugonjwa?

Mwanamaranda

Pole, dada. Usimlishe leo wala kesho. Tangu acheue zimepita siku saba. Subiri zifike kumi, na zikifika kumi na nne ni bora zaidi. Nyoka akicheua anapoteza asidi ya tumbo pamoja na bakteria wanaomsaidia kumeng'enya, na koo lake linachubuka njiani. Akipewa chakula kabla hivyo havijarudi, atacheua tena. Njaa ya wiki mbili haimuui nyoka mchanga aliye mzima, lakini kucheua mara tatu mfululizo kunaweza kumuua wa gramu 9. Maji safi yawepo wakati wote, maana kila akicheua anapoteza maji mengi.

Sasa sababu. Umempa gramu 4 naye ana gramu 9, yaani karibu nusu ya uzito wake. Kwa kawaida mlo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito, na kwa wachanga kabisa kama huyu unaweza kufika 20. Kwa hiyo wa kwako anatakiwa gramu 1 hadi 1.8. Huo ni uzito wa pinki, kile kitoto cha panya cha siku moja au mbili, chekundu, kisicho na unyoya hata mmoja. Kama huna mizani karibu, tazama unene: panya asizidi mara moja na nusu ya sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka.

Mlo wa kwanza baada ya mapumziko uwe mdogo kuliko hapo: pinki mdogo kuliko wote pakitini, ukikuta gramu 1 inatosha. Ukikosa mdogo, kata mkubwa nusu. Mchane pinki huyo mgongoni mistari miwili mitatu isiyo ya kina kwa wembe safi, ili asidi ipenye haraka. Akikaa nacho siku tano bila kucheua, subiri zifike nane kisha rudia kipimo kile kile. Fanya hivyo mara tatu, ndipo urudi kwenye ratiba ya pinki mzima kila baada ya siku tano hadi saba.

Kuyeyusha ni usiku kucha kwenye friji, ndani ya mfuko uliofungwa. Saa ya kulisha, zamisha mfuko huo kwenye maji ya moto kiasi cha nyuzi 40 kwa dakika kumi, mtoe panya, mkaushe kwa karatasi, umbonyeze tumbo kwa kidole. Ukihisi kigumu katikati, bado kuna barafu. Mikrowevu usiiguse, inapika ngozi na kuacha barafu ndani, na panya anaweza kupasuka.

Halafu suala la kumshika. Baada ya mlo, saa 48 hakuna mkono. Chakula kingali donge zima tumboni, na nyoka akihisi hatari hukitema apate wepesi wa kukimbia. Hana njia ya kujua kwamba mkono wako ni wa heri.

Koleo

Nakubaliana na Mwanamaranda kuhusu mlo, ila mimi naona moto mwingine. Hiyo 24 usiiamini. Kipimajoto cha duara kinapima hewa iliyo karibu na kioo, na nyoka wako hakai hewani, anakaa chini ya maranda na tumbo lake liko juu ya kioo.

Mkeka usio na themostati, kile kifaa cha kuuzima na kuuwasha kufuata joto, haujui kuacha. Unapasha mpaka joto unalotoa lilingane na linalopotea, na sentimita 6 za maranda juu yake zinazuia joto lisipotee. Matokeo yake ni kwamba juu pako baridi na chini panaunguza. Nyoka mchanga akisikia baridi juu huchimba kufuata joto, akalala juu ya mahali pa moto mno. Na tumbo la nyoka ni zito kuhisi kuungua. Unaweza kukuta magamba ya tumbo yamekuwa mekundu au ya kahawia na yeye hajahama.

Pima hivi: chukua kipimajoto cha dijiti chenye waya, sukuma ncha mpaka iguse kioo juu ya mkeka, iache saa mbili. Mpaka upate namba hiyo, chomoa mkeka. Tumbo lake ni tupu, kwa hiyo siku mbili tatu za nyuzi 20 za chumbani hazitamdhuru kama kuungua. Angekuwa ameshiba ningesema vingine, kwa sababu kwenye baridi chakula hakimeng'enywi, kinaoza tumboni, na hiyo nayo ni njia ya kucheua.

Mkia: ni tabia yao. Nyoka wengi wa Marekani wasio na sumu hutetemesha mkia wakitishika, na juu ya majani makavu unasikika kama yule mwenye njuga mkiani. Huyu hana sumu hata chembe. Kujichimbia pia ni salama yake. Mchana anajificha, jioni anatoka.

BintiPwani

Nimepima. Kwenye kioo chini ya maranda: 39. Juu ya maranda upande huo huo: 25. Upande wa pili: 20. Mkeka nimeuchomoa. Tumbo lake nimelitazama kupitia kioo, ni jeupe na jeusi kama kawaida, sijaona wekundu. Themostati inafika kesho. Sensa yake (ile ncha inayohisi joto) iwekwe wapi, na nipange nyuzi ngapi?

Koleo

39 ni hatari kabisa, umefanya vizuri kuchomoa.

Sensa iweke nje ya tangi, katikati ya mkeka na kioo, uibandike kwa utepe unaostahimili joto. Wengine huiweka ndani juu ya maranda, na hapo ndipo ajali hutokea. Nyoka anaisukuma mpaka upande wa baridi, au bakuli linamwagika juu yake. Sensa ikipoa, themostati inaamini tangi limepoa, inaacha mkeka uwake bila kikomo. Na utepe wa kunata usiuweke kamwe ndani ya tangi. Nyoka wa gramu 9 akinaswa kwenye gundi, ngozi hutoka pamoja na utepe.

Anza na 31 kwenye themostati. Subiri saa nne, kisha pima ndani kwa kile kipimajoto chenye waya, ncha ikigusa kioo cha sakafuni. Unataka 29 hadi 30. Ikisoma 27, panda nyuzi moja, subiri tena. Usipande mbili kwa mpigo. Upande wa baridi uwe 22 hadi 24. Usiku ukishuka mpaka 20 si neno. Chumba chenu kikishuka chini ya 18 majira ya baridi, mkeka peke yake hautoshi kwa sababu haupashi hewa. Hapo ziba pande tatu za nje za tangi kwa ubao wa povu, na nusu ya mfuniko pia.

Mambo matatu kuhusu mkeka wenyewe. Ufunike theluthi moja tu ya sakafu, ili apate pa kukimbilia. Tangi liinuliwe milimita tano hivi kwa vifutio vidogo kwenye pembe nne, hewa ipite. Mkeka uliobanwa kati ya kioo na meza hupata moto kupita kiasi na unaweza kuharibu meza yenyewe. Na maranda juu ya mkeka punguza yabaki sentimita 2 hadi 3, upande wa baridi acha 6 achimbe anavyotaka.

Kasa77

Naomba kuongeza kuhusu tangi. Mfuniko wa wavu una vibanio? Nyoka wa umri huu hupita popote kichwa chake kinapopita, na kichwa chake hakizidi unene wa penseli. Chukua penseli, jaribu kuipitisha kwenye kila pembe ya mfuniko na kwenye tundu la waya. Inapopita penseli, atapita na yeye. Vibanio viwili kila upande mrefu, na kitu kizito juu kisihesabiwe kuwa kufuli, maana wana nguvu ya kuinua pembe moja kidogo kidogo usiku mzima.

Kwa maoni yangu tangi la sentimita 60 ni kubwa kwa gramu 9. Ningemhamishia kwenye boksi la plastiki la lita 9 hadi afike gramu 30, lenye matundu ya milimita 3 yaliyotobolewa kwa pasi ya solda pande zote, safu mbili. Boksi dogo huhifadhi unyevu, unamwona, unajua kala au hajala.

Mwanamaranda

Kasa, kwenye vibanio niko nawe mia kwa mia. Kwenye ukubwa natofautiana kidogo. Kinachomtisha mtoto wa nyoka si nafasi, ni uwazi. Tangi la dada lina pango moja, tena upande wa joto. Yaani analazimishwa kuchagua: ajifiche au apoe, vyote viwili hapati. Anachagua kujificha, anabaki kwenye 39. Nadhani hilo lilichangia kucheua kama panya mwenyewe.

Kwa hiyo dada, si lazima ununue boksi. Weka pango la pili upande wa baridi, la kubana, mgongo wake uguse dari akijikunja. Rola za karatasi ya chooni zilizobanwa kidogo zinafaa sana, zikichafuka unatupa. Kati ya mapango hayo mawili jaza majani bandia, magome, rola nyingine, mpaka ukitazama kutoka juu usione sakafu zaidi ya robo. Aweze kutoka joto mpaka baridi bila kuvuka kiwanja kitupu. Kioo cha nyuma na cha pembeni bandika karatasi nyeusi kwa nje. Ukishindwa kufanya hayo yote, basi boksi la Kasa ndilo bora.

Na maranda yawe ya aspeni kama uliyonayo. Yale ya mierezi na ya msonobari yananukia vizuri kwa sababu ya mafuta yake, na mafuta hayo hayo huunguza njia za hewa za nyoka.

BintiPwani

Asanteni sana. Pango la pili limeingia, vibanio vinne pia, na themostati imetulia: 29.5 kwenye kioo. Leo asubuhi macho yake yamekuwa ya buluu kama maziwa yaliyotiwa maji, na rangi ya mwili imefifia. Ni kuungua kwa joto lile au anajivua gamba? Jingine: kuna mtoto wa miaka minne nyumbani, na panya wako kwenye friza moja na nyama. Inakubalika?

Kasa77

Anajivua gamba. Wachanga hujivua kila wiki nne hadi sita hivi. Mwenendo wake ni huu: buluu siku tatu au nne, kisha macho yanarudi kung'aa ukadhani imepita, halafu siku mbili hadi nne baadaye gamba linatoka, kwa kawaida usiku. Wakati huo haoni vizuri, kwa hiyo usimshike na usimlishe. Umepata bahati, mapumziko ya tumbo na ya gamba yameangukia pamoja. Mlo wa majaribio uwe baada ya gamba kutoka, hata kama siku kumi zimeshafika.

Unyevu wa kawaida ni asilimia 40 hadi 60. Sasa mpe chumba cha mvuke: kikopo cha plastiki chenye mfuniko, tundu la kuingilia la sentimita 2 lililosuguliwa kingo zisimkate, ndani karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haidondoki. Kiweke katikati, mpakani mwa joto na baridi. Badilisha karatasi kila siku mbili, vinginevyo inaota ukungu. Usimwagie maji maranda yenyewe. Aspeni ikilowa inaoza, na magamba ya tumbo hupata vidonda.

Gamba likitoka, lichukue ulikunjue taratibu kwenye maji. Tafuta vitu viwili. Kwanza, vifuniko vya macho: kwenye gamba la kichwa utaona vioo viwili vidogo vya duara kama lenzi. Pili, ncha ya mkia, inayoisha kama sindano. Ncha ikibaki mkiani, gamba hilo linakauka kama pete, linabana damu, na baada ya kujirudia mara chache kipande cha mkia hufa na kudondoka. Gamba likiwa vipande vipande, mweke kwenye boksi lenye matundu pamoja na taulo ndogo yenye unyevu wa vuguvugu, chumba kiwe nyuzi 27 au 28, dakika thelathini, ajisugue mwenyewe. Kifuniko cha jicho usikivute kwa kibano wala kwa ukucha. Kikibaki, subiri gamba lijalo na unyevu zaidi. Kikibaki mara mbili, nenda kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Mwanamaranda

Kuhusu mtoto, hapa sitaki kulainisha maneno. Nyoka mzima wa afya anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila dalili yoyote, na panya wa friza pia. Watoto chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi, pamoja na wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu. Mtoto wa miaka minne amtazame kupitia kioo, kumshika kusubiri. Kila mtu mzima anayegusa nyoka, bakuli, maranda au panya anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka sekunde 20, hata kama hajaona uchafu.

Panya kukaa friza ya familia kunawezekana kwa masharti: mifuko miwili, kisha kopo gumu lenye mfuniko na alama, kwenye droo yake ya chini, pasiwe na chakula kisichofungwa karibu. Wengi hununua friza ndogo ya mezani na hapo nyumba nzima inapumua. Kibano, kisu na kikombe cha kuyeyushia viwe vya nyoka peke yake. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Tumia beseni lake, na maji yamwagwe chooni.

Siku ya mlo, lisha jioni, saa mbili usiku hivi, taa zikiwa hafifu. Shika pinki kwa kibano kirefu, kichwa kikitangulia, umsogeze polepole kutoka ubavuni, si kutoka juu kama mwewe. Nyoka asipomchukua kwa dakika tano, mweke pinki kwenye kifuniko kidogo cha plastiki mlangoni pa pango, zima taa, ondoka. Asubuhi akiwa bado yupo, tupa. Usiyeyushe mara ya pili. Akikataa, jaribu tena baada ya siku tano, na safari hiyo mwoshe pinki kwa sabuni isiyo na manukato, umsuuze sana, umpashe moto. Harufu ya friza ikiondoka, wengine hula papo hapo.

Mpime kila wiki kabla ya kumlisha, saa ile ile, uandike. Gramu 9 zikishuka hadi 8 wakati wa mapumziko haya si ajabu. Zikifika 7, au akicheua tena hata hicho kipande cha gramu moja, au ukiona mapovu mdomoni, kupumua mdomo wazi, au uvimbe katikati ya mwili, usingoje siku kumi nyingine.

Koleo

Na ukienda kwa daktari, nenda na kinyesi kibichi cha ndani ya saa 24 kwenye kichupa safi, ili kipimwe vimelea. Akiwa amecheua, chukua na kile alichocheua, kwenye mifuko miwili. Nyoka mwenyewe asafiri ndani ya mfuko wa foronya uliofungwa fundo, ndani ya boksi gumu lenye matundu, na chupa ya maji vuguvugu iliyofungwa kitambaa nje ya mfuko, si ndani. Andika kwenye karatasi: joto la pande zote mbili, unyevu, uzito wa kila wiki, na uzito wa kila panya aliyemla. Daktari atauliza hayo kabla hajamgusa.

BintiPwani

Nimeandika yote na karatasi iko ubavuni mwa tangi. Gamba likitoka nitaleta urefu wa ncha ya mkia na picha ya vifuniko vya macho mnisaidie kuthibitisha. Mungu awabariki.